Kupanda Maporomoko ya Sanje kutoka Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kipupwe kikianza tu, maswali ya Sanje huanza kumiminika: kutoka kwa wapiga picha wa harusi wa Kinondoni wanaotaka kubadilisha mandhari, wafanyakazi wa maofisi ya Posta, kina mama wa vikundi vya mazoezi ya alfajiri kule Daraja la Tanzanite. Karibu wote huanza na kamera. Ningependa waanze na muda, kwa sababu wengi wanaorudi na picha hafifu kutoka Sanje walikuwa na kamera nzuri sana, ila walifika wamechoka, saa mbaya, huku wakikimbilia basi la kurudi. Majibu yafuatayo yamezingatia hilo.

Sanje ni wapi?

Ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, upande wa Wilaya ya Kilombero, mkoani Morogoro. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilometa za mraba 1,990. Haina barabara za kupita na gari kutazama wanyama kama Mikumi. Humu unaingia kwa miguu yako. Maporomoko yenyewe yanashuka takriban mita 170 kwa hatua tatu, kutoka msitu wa mlimani hadi karibu na mashamba ya miwa bondeni. Makao makuu ya hifadhi yako Mang'ula. Njia ya kupanda inaanzia kijiji cha Sanje, kama kilometa kumi kabla ya kufika Mang'ula ukitokea Kidatu.

Naweza kwenda na kurudi Dar siku moja?

Hapana, na naomba usijaribu. Kwa basi, kutoka Mbezi Luis hadi Mang'ula utamaliza mchana mzima barabarani. Anayeendesha usiku kucha ili aanze kupanda asubuhi anapanda akiwa na usingizi, kisha anarudi usiku mwingine akiwa na usingizi zaidi, kwenye barabara ya malori ya Zambia. Hakuna picha inayostahili hatari hiyo.

Mpango unaofaa ni usiku mbili. Ondoka Ijumaa alfajiri, lala Mang'ula. Jumamosi panda, shuka, oga, kula, lala tena palepale. Jumapili rudi Dar ukiwa na akili timamu. Ukipata siku ya nne, itumie kupanda mara ya pili, maana siku ya kwanza unajifunza njia na ya pili ndiyo unapiga picha kwa utulivu. Gesti za kawaida zipo Mang'ula, na karibu na makao makuu kuna maeneo ya kupiga kambi.

Nifikeje?

Njia ya wengi ni basi la Ifakara kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Kata tiketi dirishani siku moja kabla, chagua basi la alfajiri, na mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Mang'ula, la sivyo utajikuta Ifakara. Basi hupita Morogoro, likaingia Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza hifadhi kwa takriban kilometa 50. Kamera iwe nje ya begi hapo, kwani twiga na pundamilia huonekana dirishani bila kiingilio. Mikumi mjini mnaiacha barabara ya Iringa, mnakata kushoto kuelekea Kidatu, mnavuka Mto Ruaha Mkuu, na milima inaanza kusimama upande wa kulia. Kutoka Kidatu kwenda Ifakara siku hizi ni lami. Waliowahi kuipita ikiwa ya vumbi na madimbwi watashangaa.

Ukipenda, panda treni ya SGR hadi Morogoro, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Inakupunguzia foleni ya Kibaha na Chalinze. Utashukia nje kidogo ya mji, kwa hiyo chukua bajaji au daladala hadi stendi ya Msamvu na udake basi la Ifakara hapo. Kuunganisha huku kunataka uondoke na treni ya mapema.

Halafu kuna TAZARA. Reli hii iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 ina kituo Mang'ula kabisa, na safari yake inapita porini ambako basi halifiki. Ni safari nzuri kwa mpiga picha mwenye subira. Ila ratiba ya treni za abiria hubadilika, kwa hiyo nenda mwenyewe kwenye kituo chao pale jirani na daraja la Mfugale uulize, usitegemee ulichosikia kwa rafiki.

Kwa wenye gari binafsi: ndani ya Mikumi punguza mwendo kama vibao vinavyosema. Kugonga mnyama kuna faini, na wengi hugongwa jioni na usiku.

Njia ni kali kiasi gani?

Ni kali. Si ndefu kwa kilometa. Mzunguko mzima huchukua kama saa nne kwa mtu anayetembea bila kusimama sana, na mwenye kamera ahesabu saa sita. Unaanzia bondeni ambako joto ni lilelile la Dar, unyevu uleule, halafu unapandisha papo hapo. Hakuna kilometa ya utangulizi ya kunyoosha misuli. Njia ni ya mizizi na mawe, sehemu nyingine unashika mti kwa mkono. Kivuli cha msitu kinasaidia, lakini hewa humo ndani haitembei, na jasho halikauki.

Watu wengi huharibu siku yao katika nusu saa ya kwanza. Wanatoka kwa kasi, wanashindana, wanacheka kwa sauti, kisha dakika ya arobaini mmoja amekaa juu ya gogo mapigo ya moyo yakiwa juu na maji yamekwisha nusu. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Mwongozaji hakukimbizi, na maporomoko hayahami.

Ugonjwa wa mwinuko usikutie hofu. Hapa si Kilimanjaro, urefu wake haufiki kiwango hicho. Adui wako ni joto, utelezi, na magoti wakati wa kushuka. Kushuka ndiko kunakoumiza zaidi, na ndiko watu wanakoanguka, kwa sababu wanadhani kazi imekwisha.

Dar ni tambarare. Nifanye mazoezi wapi?

Milima ya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi ndiyo miinuko yetu ya karibu, na inatosha kuanzia. Nenda na begi lenye uzito uleule utakaobeba Sanje, kamera ikiwemo. Katikati ya wiki tumia ngazi: jengo la ofisini kwako lenye ghorofa nyingi ni mlima tosha, mradi upande na kushuka pia. Wengi hupanda ngazi kisha wakashuka na lifti, na huko wamepoteza nusu ya zoezi, maana misuli ya mbele ya paja inayobeba goti hujengwa kwa kushuka. Mwezi mmoja wa ngazi mara tatu kwa wiki hukubadilisha kabisa. Kutembea Coco Beach kunafurahisha na kunajenga pumzi, lakini mchanga wa ufukweni hauna mwinuko.

Nivae na nibebe nini?

Viatu kwanza. Raba ya kukimbilia lami yenye soli iliyolika itakutelezesha. Unataka soli yenye meno marefu na kisigino kilichoshikwa vizuri. Mitumba ya Karume pale Ilala huleta viatu vya mlima vizuri kwa bei ya kawaida, ila vikague: kunja soli uone kama gundi imeachia, bonyeza pembeni uone kama mpira umekauka na kupasuka. Vivae Dar wiki mbili kabla ya safari. Malengelenge ya kiatu kipya hayana huruma.

Suruali ndefu nyepesi na soksi ndefu, kwa ajili ya siafu. Ukiwaona wamevuka njia, ruka haraka usisimame katikati yao. Maji lita mbili hadi tatu kwa kila mtu. Pakiti ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, ile ile wanayopewa watoto wanaoharisha, ni msaada mkubwa kwa mtu aliyetoka jasho jingi. Duka lolote la dawa wanayo. Chakula kiwe cha kushikika: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, karanga, kashata. Koti la mvua hata wakati wa kiangazi, kwa sababu mlima huu una hali yake ya hewa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo takataka zako zirudi ndani ya mfuko wa kitambaa hadi Mang'ula. Fimbo ya kutembelea utoke nayo nyumbani. Ndani ya hifadhi hukati tawi.

Dawa ya mbu na chandarua cha gesti vitumike kweli. Bonde la Kilombero lina malaria, na si bure taasisi ya utafiti wa ugonjwa huo iko Ifakara.

Mama yangu ana shinikizo la damu na angependa kuja. Na watoto je?

Mzazi mwenye shinikizo, kisukari au magoti mabovu aanze na daktari wake, na mimi ningempeleka kwenye maporomoko ya Prince Bernhard badala ya Sanje. Yako karibu na makao makuu ya hifadhi, njia ni fupi, na yamepewa jina la Mwanamfalme wa Uholanzi aliyezindua hifadhi mwaka 1992. Ni madogo, lakini yanapigika picha nzuri tu, na mama atarudi amefurahi bila kubebwa. Nyinyi wengine mkipanda Sanje siku ya pili, yeye apumzike Mang'ula.

Mtoto anayeweza kutembea mwenyewe kutwa nzima bila kubebwa, na anayesikia akiambiwa "simama", anaweza. Anayehitaji kubebwa mgongoni asipandishwe Sanje. Aliyembeba akiteleza, wanaanguka wawili.

Navaa hijabu. Itanisumbua? Na swala?

Dada zetu wengi hupanda na stara yao kamili bila tabu. Kinachosumbua ni baibui refu, kwa sababu ukipanda unalikanyaga mbele na ukishuka linakwama nyuma. Vaa suruali pana na dira fupi au shati refu lifikalo magotini, hijabu ya pamba isiyoteleza, na ubebe nyingine kavu ya kubadilisha. Adhuhuri huenda ikakukuta mlimani. Maji ya kutawadha yapo, na ukimweleza mwongozaji mapema atapanga mapumziko sehemu yenye tambarare. Beba kitenge cha kutandika.

Niende mwezi gani?

Juni na Julai, kama unataka jibu fupi. Masika yamekwisha lakini mlima bado umejaa maji, njia imeanza kukauka, na kipupwe kinapunguza joto la bondeni.

Machi hadi Mei maji ni mengi kupita kiasi. Utaona ukuta wa povu na manyunyu yatakayolowesha lenzi kabla hujaifuta, na njia inakuwa ya utelezi mtupu. Agosti na Septemba ni salama na pazuri, maji yamepungua na mwamba unaanza kuonekana, jambo ambalo baadhi yetu tunalipenda zaidi kwa sababu picha inapata umbo. Kufikia Oktoba maji ni membamba, ingawa hayakauki. Novemba mvua hurudi.

Ni saa ngapi mwanga unakuwa mzuri?

Hapa ndipo muda unapolipa. Ukuta huu wa milima unatazama mashariki, kuelekea bonde la Kilombero. Maana yake jua la asubuhi linapiga maporomoko uso kwa uso, na alasiri jua linapita nyuma ya mlima na kuyaacha kivulini.

Asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako na manyunyu mbele yako, unapata upinde wa mvua. Huo haupatikani kwa bahati. Upinde huonekana kwenye duara la nyuzi 42 kuzunguka kivuli cha kichwa chako, kwa hiyo tafuta kivuli chako, halafu sogea kushoto au kulia hadi rangi ziangukie mahali unapotaka kwenye maji. Jua likipanda juu sana upinde hushuka na kupotea chini. Anayetaka upinde awe ameanza kutembea saa kumi na mbili na nusu au saa moja kamili asubuhi, na hiyo inawezekana tu kama vibali na mwongozaji vilipangwa jana yake.

Tatizo la asubuhi ni kwamba maji meupe yanang'aa mno na msitu ni mweusi, na hakuna kamera inayobeba vyote viwili kwa raha. Saa sita mchana ni mbaya kuliko zote. Wingu likifunika, shukuru, hata kama wenzako wanalalamika, kwa maana wingu linasawazisha mwanga na kijani cha majani kinatoka kizito. Ukikosa wingu, subiri mlima wenyewe uweke kivuli alasiri. Ila usisubiri mpaka giza. Msituni giza huingia mapema kuliko bondeni, na mwongozaji anajua saa ya kuondoka. Akisema twende, ni twende.

Nipangeje kamera?

Kwanza amua unataka maji yaonekanaje. Maji ya hariri, yale yanayotiririka kama kitambaa, yanahitaji shata, kile kifuniko kinachofunguka kupitisha mwanga, iachie polepole, kati ya robo sekunde na sekunde moja. Ukizidisha hapo, maji yote yanakuwa maziwa na nguvu yake inapotea. Sanje ni maji yenye nguvu, na mimi hupendelea karibu na nusu sekunde, ambapo nyuzi za maji bado zinahesabika. Ukitaka kila tone ligande hewani, nenda 1/500 ya sekunde au kasi zaidi.

Kwenye kivuli, ukiwa ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga) na f/11 (upana wa tundu la lenzi), kamera itakupa labda 1/15. Filta ya ND8, kioo cheusi kinachowekwa mbele ya lenzi, inapunguza mwanga mara nane na kukufikisha nusu sekunde. Kwenye jua kali, f/16 na ISO 100 ni kama 1/100, na hapo unahitaji ND64. Kama bajeti inatosha filta moja tu, nunua polaraiza kabla ya ND. Inakata mng'ao kwenye majani na mawe yaliyolowa, jambo ambalo huwezi kulirekebisha baadaye kwenye kompyuta, na yenyewe inapunguza mwanga kidogo pia. Nyumbani jaribu kuizungusha ukitazama kioo cha gari lililoegeshwa juani uone inavyofanya kazi.

Kipimo cha kamera hudanganywa na msitu mweusi: kinaona giza, kinaongeza mwanga, na maji yanaungua yakawa meupe matupu yasiyo na alama. Shusha mwangaza kwa hatua moja, tazama histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini, hakikisha upande wa kulia haujagonga ukuta. Piga kwa faili ghafi (RAW), kivuli utakinyanyua baadaye.

Stendi ya miguu mitatu ni mzigo lakini bila hiyo nusu sekunde haiwezekani. Usiisimamishe ndani ya maji yanayokwenda, inatetemeka hata kama huioni. Tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisitikise kamera. Usipokuwa na stendi, shona mfuko mdogo wa kitambaa, ujaze maharage nusu, weka juu ya jiwe, kamera juu yake. Unakaa vizuri ajabu, na jioni maharage yanapikwa.

Manyunyu ndiyo kazi kubwa. Beba vitambaa vya pamba zaidi ya kimoja, kila kimoja kwenye mfuko mkavu. Panga picha yako ukiwa umeifunika lenzi, funua, piga, funika, futa. Picha nyingi za Sanje zimeharibiwa na tone moja katikati ambalo halikuonekana kwenye skrini ndogo.

Nina simu tu. Niache?

Njoo. Bonyeza na ushikilie kidole juu ya maji hadi simu ifunge mwanga, kisha vuta alama ya jua chini kidogo. Simu nyingi siku hizi zina namna ya kupiga picha ya mwanga mrefu, au programu ya bure ya kufanya hivyo. Ijaribu kwenye bomba la nyumbani kabla hujasafiri. Ule mfuko wa maharage unafaa kwa simu pia. Usitumie kukuza kwa vidole, sogea kwa miguu pale panaporuhusiwa. Pawabenki iliyojaa ni lazima, kwani mtandao ukiwa hafifu betri hukimbia. Weka simu kwenye hali ya ndege.

Mbona mita 170 zinaonekana ndogo kwenye picha zangu?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni lenzi pana. Ukisimama karibu na kutumia pana kabisa, mawe ya mbele yanakua na maporomoko ya nyuma yanasinyaa. Kwenye sehemu ya kutazamia, ambapo maji yanaonekana kwa mbali, tumia lenzi ya milimita 50 hadi 85, shika kamera wima, na kama hayaenei piga vipande vitatu uviunganishe.

Ya pili, hakuna mtu kwenye picha. Jicho halina cha kupimia. Mweke mwenzako mahali salama, mbali na ukingo, awe mdogo kabisa kwenye fremu. Akiwa amejitanda kanga nyekundu au kitenge cha njano, kijani chote kile kitamsukuma mbele na utaelewa ghafla ukubwa wa ule ukuta.

Naweza kuogelea? Naweza kupiga picha ukingoni?

Kuna mabwawa ya asili ambayo watu huoga, na maji yake ni baridi tamu baada ya kupanda. Oga pale tu mwongozaji atakapokuonyesha, na msimu wa maji mengi usiingie kabisa.

Ukingoni, hapana. Mawe yaliyolowa yana ukoga wa kijani unaoteleza hata kama kiatu ni kipya, na mtu anayetazama skrini hatazami miguu. Sheria tunayofuata ni hii: unatembea au unapiga picha, hufanyi vyote viwili. Simama imara, ndipo uinue kamera. Ukitaka kurudi nyuma ili mwenzako aenee kwenye fremu, teremsha kamera, geuka, tazama, tembea, simama tena. Na asiwepo mtu anayemwambia mwenzake "rudi kidogo, rudi kidogo" akiwa mgongo wake umeelekea maji.

Kuna wanyama wakali?

Tembo wapo na kinyesi chao utakiona njiani; nyati na chui pia wapo, japo si rahisi kukutana nao. Ndiyo maana huingii bila mwongozaji. Utakaowaona zaidi ni mbega wekundu wa Udzungwa, ambao hawapatikani kwingineko duniani. Ukiwa na bahati utasikia kima wa Sanje kabla hujamwona, kwa mlio wake wa kishindo. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, na kijiji hiki ndicho kilichompa jina. Ukija na lenzi ndefu ibebe, lakini usiwarushie chakula ili wasogee.

Malipo na vibali?

Kiingilio na ada ya mwongozaji hulipwa kwa mfumo wa TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, kwa namba ya malipo, simu au kadi; usitegemee kukabidhi pesa mkononi getini. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na ni nafuu mno kulinganisha na wageni, kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA. Pita ofisi ya Mang'ula siku moja kabla, lipa, kubaliana saa ya kuanza, na panga usafiri wa kurudi hadi Sanje, bajaji au bodaboda. Viwango hubadilika kila mwaka wa fedha, vithibitishe kwa TANAPA wenyewe.

Picha za kumbukumbu ni huru. Picha za biashara, matangazo au filamu zina kibali chake, ombeni mapema. Droni iache Dar. Nchini inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi hairuhusiwi bila idhini maalumu. Mbega hawaijui sauti ile.

Wikiendi pamejaa sana?

Sikukuu ndefu, ndiyo, hasa Sabasaba, Nanenane na Pasaka. Makundi ya wanafunzi na vikundi vya ofisini hukutana kwenye sehemu moja ya kutazamia. Ukiwa na stendi, simama pembeni, piga kwa zamu, pisha. Njia ni nyembamba, anayepanda apishwe na anayeshuka. Spika ya muziki ibaki kwenye basi. Kuna watu wamesafiri kilometa mia tatu na zaidi kuja kusikia maji.

Hakuna kitu cha karibu zaidi?

Kipo: Uluguru, Morogoro mjini. Kwa treni ya asubuhi unaweza kupanda kuelekea Morningside au maporomoko ya Choma na kulala nyumbani Dar usiku huohuo. Kwa mara ya kwanza ni shule nzuri ya miguu na ya kamera. Na ni vizuri mkazi wa Dar aione milima hiyo kwa macho, kwa kuwa Mto Ruvu unaotuletea maji ya bomba unaanzia huko. Maji ya Udzungwa nayo huishia Rufiji, ambako Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115 linazalisha umeme. Anayetupa chupa kwenye kijito cha mlimani anatupa kwenye nyumba yake mwenyewe.

Nikirudi, picha nifanye nini?

Chagua chache. Taja mahali kwa jina lake, Sanje, Udzungwa, ili msomaji ajue ni kwetu. Usisifie picha ya mtu aliyekaa ukingoni, hata iwe nzuri vipi, kwa sababu wiki ijayo mwingine ataiga. Ukiwapiga picha watu wa kijijini, salimia kwanza, wakubwa uwape shikamoo, omba ruhusa, na kwa watoto muombe mzazi. Mwongozaji wako naye anapenda picha yake akiwa kazini. Chukua namba yake kabla hamjaagana, na umtumie ukifika Dar, si mwezi ujao.